Mwanamke anayekatazwa kusema pole

Saa mbili na nusu asubuhi, simu inaita upande wa pili, na mwanamke aliyevaa hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa ananyoosha mgongo kama mtu anayetaka kupigwa picha.

"Shikamoo mzee," anasema. "Napiga kutoka kituo cha utafiti. Je, tangu tulipozungumza mara ya mwisho, mvua za msimu zimeanza kunyesha shambani kwako?"

Kisha ananyamaza. Hakohoi, haulizi kama simu imekatika, hachezei kalamu. Macho yako kwenye kompyuta na vidole viko juu ya vitufe. Kimya kinavutwa mpaka mwandishi aliyekaa kando anaanza kujikuna. Majibu hayasikiki, yanabaki ndani ya hedifoni.

"Asante mzee, nimeandika," anasema baadaye. Anasoma swali jingine, ananyamaza tena, anaandika tena, anaaga. Anabonyeza kitufe cha kukata simu. Anasogeza kipaza sauti mbali na mdomo, anaikodolea kompyuta macho ya huruma na kusema, "Pole baba yangu. Pole sana."

"Hiyo pole haimo kwenye dodoso," sauti ya msimamizi inatoka upande wa pili wa chumba.

"Simu nimeshakata," anajibu, na kompyuta inapiga namba nyingine.

Hapa kazini hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Mama Pole, tangu wiki ya mafunzo. Ana miaka hamsini na kitu ("hicho kitu ni changu," anasema), na kazi yake ni kuuliza maswali kwa simu, kwa niaba ya watafiti ambao wengi wao hajawahi kuwaona.

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya shule. Kuta zimebandikwa mazulia ya zamani ili sauti zisigongane. Meza zimepangwa ukutani, na kila mdodosaji amekaa akiangalia zulia lake. Katikati kuna birika, vikombe na mzani mbovu ambao hakuna anayejua ulifikaje. Watu wote wanaongea kwa wakati mmoja, lakini ukisimama mlangoni unachosikia ni mvumo tu, kama darasa la watoto wanaosoma kimoyomoyo wakashindwa kujizuia.

Tafiti zinazoendelea hapa ni tatu. Asubuhi ni zamu ya wakulima, maana wao huamka mapema. Kuna watafiti wanaojaribu kubashiri siku ambayo mvua za msimu zitaanza, na ubashiri huo hutumwa kwa wakulima kwa ujumbe mfupi. Kazi ya Mama Pole ni kuwauliza kama mvua imekuja kweli, na kama walipanda au walisubiri.

Kuanzia saa sita mchana ni wenye maduka, mafundi na mama wa vibanda, wanaoulizwa kama mwezi huu wameuza kuliko mwezi uliopita. Majibu yao huingia kwenye hesabu za watu wanaopima ukuaji wa uchumi. "Hao wanapenda kulia," anasema Mama Pole. "Hata aliyefungua duka la pili anakuambia biashara mbaya. Anaogopa mimi ni mtu wa kodi."

Alasiri ni wanafunzi wa vyuo, kwa utafiti wa afya ya akili. Kwa nini alasiri? "Jaribu kumpigia mwanafunzi saa tatu asubuhi," anasema, "halafu uniambie aliyepokea alikuwa binadamu au mto wa kulalia."

Kabla ya hapa alikuwa opereta wa simu katika hoteli moja kubwa. Alikaa kwenye ubao wa simu tangu msichana, akiunganisha wageni na ulimwengu, mpaka kila mgeni akawa na simu yake mfukoni na ubao ukang'olewa. Alikaa nyumbani mwaka mzima. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, ndiye aliyeona tangazo kwamba kituo kinatafuta watu wenye sauti nzuri.

"Mimi nilimwambia, sauti si umeizoea wewe tu," anakumbuka. "Akasema, nenda, huenda wakakulipa kwa kuongea, maana hapa nyumbani unaongea bure."

Mshahara si wa kutisha, anasema, lakini ukiunganishwa na mageti umemfikisha binti yao wa pekee chuo kikuu, mji mwingine, mwaka wa pili. Kuna wakati wanafunga mkanda, kuna wakati wanapumua.

Jaribio la sauti alilifaulu kwa alama zote. Kilichomshinda ni pole.

Sheria ya kwanza ya kazi hii ni kusoma swali kama lilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza. Sheria ya pili ni kunyamaza baada ya kuuliza, hata mhojiwa akichukua muda wa kuchemsha chai. Ya tatu ni kutompa mhojiwa pole wala hongera. Unasema tu, "Asante, nimeandika."

Mtafiti mkuu, mama mwembamba ambaye wote humwita Daktari, ana sababu zake. "Ukimpa mtu pole kwenye swali la kwanza, kwenye swali la pili atakutafutia jingine la kukuhuzunisha," anaeleza. "Ukimpa hongera, ataficha mabaya ili asikuangushe. Tulijaribu. Majibu yalibadilika kabisa." Mama Pole mwenyewe anakubali kwamba Daktari yuko sahihi. Akili ilikubali siku ile ile. Mdomo ndio uliogoma.

"Mtu anakuambia mahindi yamekauka, wewe unamwambia asante nimeandika?" anauliza, mikono juu. "Mama yangu angenisikia angenichapa na utu uzima huu!"

Wiki ya kwanza alirudishwa kwenye mafunzo mara mbili. Wenzake wakaanza kuweka dau atadumu siku ngapi. Ndipo akagundua ujanja wa kukata simu kwanza, kisha kusema. Msimamizi anapiga kelele kwa mazoea tu, kanuni haijavunjwa. Pole inatoka, hakuna anayeipokea, na kazi inaendelea.

Kwenye kunyamaza, hata hivyo, hakuna anayemfikia. Opereta wa simu hufundishwa kutoingilia mazungumzo ya watu. Kaka Redio, kijana wa meza ya pili ambaye siku za mapumziko husherehesha harusi, anasema yeye akinyamaza kidogo tu anahisi anafukuzwa kazi. "Mama Pole ananyamaza mpaka mhojiwa anaona aibu kusema uongo."

Lakini huyo ni Mama Pole wa kazini.

Nyumbani, anakiri mumewe huku akicheka, hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza. Binti anapopiga simu, mama huuliza na kujibu mwenyewe. Mume anamwigiza, akishika bisibisi sikioni: "Haloo, hujambo? Hujambo, eeh. Umekula? Umeshakula, eeh. Masomo yanaendaje? Yanaenda vizuri, haya vizuri, Mungu mkubwa. Unalala vizuri? Unalala. Haya, ongea na baba yako." Anashusha bisibisi. "Mtoto hajafungua mdomo!"

Ilikuwa alasiri moja ya muhula uliopita ambapo wanawake hao wawili, yule wa kazini na yule wa nyumbani, walikutana kwenye kiti kimoja.

Ilikuwa zamu ya wanafunzi. Kompyuta hupiga yenyewe, na mdodosaji haoni jina wala namba ya simu, anaona tarakimu za siri tu. Simu ikaita. Upande wa pili sauti ikasema, "Haloo?"

Mama Pole hakuhitaji neno la pili. Sauti ile aliisikia ikilia siku ilipozaliwa.

Kanuni ziko wazi: ukimtambua mhojiwa, usiseme kitu, nyoosha mkono, mwenzako achukue simu, nawe utoke chumbani. Akanyoosha mkono. Kaka Redio akaivuta simu kwenye meza yake na kuanza kusoma utangulizi kwa sauti yake ya harusi iliyopunguzwa.

Mpaka hapo alikuwa sahihi. Alichokosea ni kutotoka.

"Nilisema ninyanyue kikombe changu nitoke nacho," anasema. "Nikakinyanyua. Nikakiweka. Miguu ikakataa kabisa."

Majibu hakuyasikia, na hakuna ambaye angeweza kuyasikia ila Kaka Redio kwenye hedifoni yake. Lakini maswali alikuwa anayajua kwa moyo. Katika dodoso lile, swali la tisa linauliza kama kuna siku ambazo mwanafunzi ameshindwa kutoka chumbani kwa sababu ya uzito wa moyo. Akijibu hapana, linafuata swali la kumi, linalohusu chakula. Akijibu ndiyo, na zikiwa siku nyingi, kompyuta inaruka na kufungua ukurasa wa njano, na ukurasa huo unaanza kwa sentensi ambayo chumba kizima wanaijua: "Asante kwa kuniambia. Je, hapo ulipo unaweza kuzungumza kwa uhuru?"

Kaka Redio alisoma swali la tisa. Akanyamaza, mara hii kwa muda mrefu. Mama Pole akasubiri kusikia neno chakula.

"Asante kwa kuniambia," akasema Kaka Redio taratibu, bila kugeuka. "Je, hapo ulipo unaweza kuzungumza kwa uhuru?"

Mama Pole anasimulia hayo akiwa ameshika kikombe kilekile. Hakulia. Alikwenda chooni akanawa uso, akarudi, akamalizia zamu. Kaka Redio alimpa binti namba ya mshauri nasaha wa chuo kama ukurasa wa njano unavyoagiza, akafunga dodoso, na mpaka leo hajawahi kumwambia Mama Pole neno hata moja kuhusu simu ile. "Niliapa kutunza siri za wahojiwa," anasema Kaka Redio. "Siku ile nilitamani sana nisingekuwa nimeapa. Tulipanda ngazi pamoja wiki nzima bila kutazamana."

Mama naye alikuwa ameapa. Alichojua alikuwa amekiiba, hata kama alikiiba kwa masikio yake mwenyewe. Angempigia binti na kumwambia nini? Najua? Angekuwa amevunja siri ya kazi, na zaidi ya hapo, angemfundisha mwanawe kwamba hata kwenye simu ya siri mama yupo anasikiliza. Binti asingefungua mdomo tena, kwa mtafiti wala kwa mzazi. Ilibidi aseme mwenyewe, kwa hiari yake.

Jioni hiyohiyo alipiga simu. Alikuwa amejiandaa. Lakini binti alipopokea tu, hofu ikampanda kichwani, na mdomo ukashika njia yake ya siku zote. Hujambo? Hujambo, eeh. Umekula? Umekula.

"Ndiyo mama," binti akasema. "Mzima kabisa."

Aliweka simu mezani, akamwambia mumewe, "Nimemjibia mwenyewe." Mumewe hakuelewa, na yeye hakuweza kumweleza.

Kilichomfungua macho hakikutoka kwa mtaalamu yeyote. Siku iliyofuata asubuhi alikuwa na wakulima kama kawaida. Mzee mmoja alikuwa ametumiwa ujumbe kwamba mvua zinaanza, na zikaanza kweli. Mama Pole akasoma swali: je, ulipanda? Akanyamaza, na mzee naye akanyamaza. Upande ule ukasikika mlango ukifungwa. Ndipo mzee akasema polepole kwamba hapana, hakupanda, mbegu ziko ndani, na tangu mkewe afariki hajui aanzie wapi.

"Nikajiuliza," anasema Mama Pole, "kama ningemuuliza kama ninavyomuuliza mwanangu, umepanda eeh, si angesema eeh? Angesema eeh, tukaagana, mbegu zikaoza ndani. Nikaona aibu jamani. Mzee wa watu nisiyemjua nampa nafasi ya kusema. Mtoto niliyemzaa nambana mlangoni."

Jumamosi akapiga tena. Mume alikuwa karakana. Alikaa kitandani, mgongo wima, kama yuko kazini.

"Habari za wiki?" akauliza. Kisha akafunga mdomo.

"Nzuri," binti akasema.

Akanyamaza.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

Akanyamaza tena. Anasema hakuna zamu iliyowahi kumchosha kama dakika zile. Aliuma mtandio wake ili asiseme umekula. Alisikia mwanawe akivuta pumzi, akisogeza kitu, akivuta tena. Kisha yakatoka yote.

Binti alikuwa amefeli somo la takwimu. Alitakiwa kulirudia na hakumwambia mtu, kwa sababu baba yake alikuwa ameshautangazia mtaa mzima kwamba nyumba ile inatoa mchumi. Kila asubuhi alikuwa akivaa, anafunga na kamba za viatu, kisha anabaki amekaa kitandani na viatu vyake mpaka jua linazama. Hakuwa anaumwa. Hakuweza tu kufungua mlango.

Alipomaliza, mama hakusema asante, nimeandika.

"Pole," akasema. "Pole mwanangu. Pole sana."

"Nilikuwa nimeibeba wiki nzima," anasema sasa. "Pole zote nilizowahi kuziambia kompyuta, hakuna iliyokuwa nzito kama ile."

Kesho yake asubuhi alipanda basi la kwanza. Alipofika bwenini alimkuta binti amevaa viatu, ila safari hii alikuwa amesimama nje ya mlango akimsubiri. Alikuwa ameshampigia mshauri nasaha aliyetajwa na Kaka Redio, na miadi ilikuwa ya wiki ile. Mama alikaa siku chache, akapika, akafua, akaongea kwa kiasi. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwa Daktari na kueleza kwamba hakutoka chumbani siku ile. Alipewa onyo, na alilipokea. Daktari pia aliondoa dodoso lile kwenye hesabu. "Ilibidi," anasema Daktari. "Kisha nikampa pole. Mimi si mdodosaji, naruhusiwa."

Makala haya yameandikwa kwa ruhusa ya binti. Kwa simu, anaongea kama babake, maneno machache na kicheko mwishoni. Anasema kuna kitu ambacho mama yake hakukijua kwa muda mrefu.

"Siku ile nilipopokea, hakuna aliyesema kitu," anasimulia. "Halafu nikasikia bangili. Mama ana bangili mbili za shaba, akiinua mkono zinagongana, nimelala na kuamka na sauti hiyo tangu mdogo. Nikajua ni yeye. Mara akaja huyo kaka anasoma maswali. Nikajua mama yuko humo chumbani."

Kwa nini basi alijibu ukweli?

"Labda ndiyo sababu," anasema. "Nilitaka afahamu. Nilishindwa tu kumwambia, maana nikianza anamalizia yeye." Anacheka. "Mama wa kazini ananyamaza, tunamsikia kwenye hadithi zake. Nilikuwa namtamani huyo."

Bangili sasa zinaning'inia kwenye msumari kando ya zulia, kwa amri ya msimamizi, kwani vifaa vinavyolia haviruhusiwi mezani. Jioni anazivaa na kuondoka.

Na pole? Hapo mambo yamesogea. Mama Pole aliomba kwamba mwanafunzi akishamaliza maswali yote, wakati majibu yameshaandikwa na hayawezi tena kubadilika, apewe pole moja ya kumsindikiza. Daktari hakukataa. Alifanya kama wafanyavyo watafiti, akaiingiza pole kwenye utafiti. Kuanzia duru ijayo, kompyuta itachagua kwa bahati nasibu nusu ya wanafunzi wa kuambiwa pole mwishoni, na nusu nyingine watasindikizwa na asante tu. Kisha itatazamwa nani hupokea simu tena muhula unaofuata, na nani humtafuta mshauri.

Mama Pole anaunga mkono, ila roho inamuuma kwa nusu ya pili. "Hao nitawapa nikishakata," anasema, na msimamizi anajifanya hakusikia. Daktari anataka pia amfanye mkufunzi wa wadodosaji wapya, na yeye amekubali kwa sharti kwamba atafundisha kunyamaza tu, sheria ya tatu aifundishe mtu mwingine.

Jumamosi, nyumbani kwao, kuna geti lisilokamilika limeegemea ukuta, na fundi amezima mashine yake mapema. Wiki ijayo matokeo ya mtihani wa marudio yanatoka. Mume anasema yeye ameacha kuutangazia mtaa lolote. Akiulizwa, anasema mtoto anasoma, basi.

Mama Pole anaweka simu katikati ya meza, kwa sauti ya juu ili wote wasikie, na binti anajua wapo wote, pamoja na mwandishi.

"Habari za wiki?" mama anauliza.

Mume anafungua mdomo. "Ume..." Mkewe ananyoosha mkono, bangili zinagongana, na neno umekula linabaki kooni kwa fundi.

Kimya kinaingia. Nje mtoto wa jirani anaviringisha tairi, linapita na kurudi. Fundi anajikuna kidevu. Mama Pole amekaa wima, hachezei kitu.

"Mama?" sauti inatoka kwenye meza. "Upo?"

"Nipo," anasema, na anasubiri.